Shajara ya kabati: kununua kidogo, kutupia sana

Januari

Mradi wenyewe ni huu: mwaka mzima nataka kununua nguo kidogo kuliko nilivyozoea, na papo hapo nisivae kama mtu aliyepewa adhabu. Niseme mapema kwamba nguo nazipenda. Napenda kuzitazama, kuzishika, kubishana na fundi juu ya shingo ya gauni. Napenda mtu anisimamishe Posta na kuniuliza, "Dada, hiyo umeshonea wapi?" Mradi unaonitaka niache hayo siuwezi, na sitauanza.

Wapo wanaokwenda kwa idadi. Mmarekani Courtney Carver alianzisha mpango wa namna hiyo mwaka 2010, unaitwa Project 333: unavaa vitu 33 tu kwa miezi 3, viatu na mapambo yakiwemo. Ni mpango mzuri kwa mtu mwenye kabati la aina moja. Mimi ulinishinda kwenye khanga tu. Doti ni kitu kimoja au viwili? Ile ninayofunga kiunoni nikipika, ninayojitanda msibani, ninayojifunika usiku feni ikizidi, zote zihesabiwe mitindo? Na khanga niliyopewa na mama mkwe, niitoe kabatini ili hesabu ya Mmarekani itimie?

Nimeacha idadi, nimechukua daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kabati langu ni mali, maana nikijumlisha bei za humo ndani natishika. Nimetandaza kila kitu kitandani, kitanda kilipojaa nikahamia sakafuni. Daftari lina safu nne: nguo, ilikotoka, bei yake, na nani aliamua niwe nayo.

Safu hiyo ya nne ndiyo iliyonifumbua macho. Nilidhani nitakuta ushahidi wa tamaa zangu. Nilichokikuta ni ratiba ya harusi za ukoo mzima. Fungu kubwa kuliko yote ni sare: satini ya bluu ya sendofu, lesi ya pinki ya kicheni pati, kitenge cha kamati, gauni la kijani la harusi ya binamu ambalo sikuwahi kulivaa tena kwa sababu mgongoni lina shanga zinazochoma ukikaa kwenye kiti cha daladala. Fungu la pili ni vitu vya jero na buku, blauzi na fulana nilizobeba kwa kuwa bei ilikuwa ya bure. Fungu la tatu, dogo kabisa, ni nguo ambazo mimi mwenyewe nilizitaka.

Kwa hiyo dhana ninayoijaribu mwaka huu ni hii: mapenzi yangu ya mitindo hayahusiki sana na kujaa kwa kabati. Yanayolijaza ni wajibu na bei ya kutupa. Nikipunguza hivyo viwili, kupendeza kwangu kutabaki palepale, au kutazidi.

Februari

Mambo ya utaratibu tu. Enga zote nimezigeuza, ndoano zimetazama nje. Nguo nikiivaa, nikiirudisha naigeuza enga yake kama kawaida. Desemba nitajua ipi haikutoka.

Bajeti ya nguo ya mwezi sijaipunguza hata senti. Nimeigawa upya: fundi anachukua fungu lake kwanza, kinachobaki ndicho cha kununulia. Pia nimeanza kugawanya bei ya nguo kwa mara nilizoivaa. Jinzi yangu ya elfu ishirini, ninayoivaa kila wiki tangu sijui lini, sasa imeshuka hadi bei ya andazi. Gauni la kijani la binamu bado liko kwenye bei yake kamili.

Machi

Nimekwenda Karume, soko la mitumba hapa Dar. Kuna watu wakipunguza manunuzi huanza kwa kuapa hawatakanyaga sokoni. Kwangu hapo ni kujinyima sehemu tamu kuliko zote. Soko lile liliungua Januari 2022, likasimama tena, na ukifika asubuhi mapema utaelewa kwa nini watu hawakuondoka.

Asiyejua mitumba inavyokwenda ataona vurugu. Muuzaji hununua belo likiwa limefungwa. Anajua aina tu, labda blauzi za kike au sweta za watoto, na daraja lake. Ndani kuna nini, ataona akikata kamba, mbele ya wateja. Wenye maduka ya kuuza tena ndio wanaochagua kwanza, na hulipa zaidi kwa kuchagua kwanza. Baada yao tunakuja sisi wa kawaida. Bei inashuka kadiri rundo linavyochambuliwa, mpaka mabaki yanamwagwa chini na kijana anaanza kuimba "jero, jero, jero." Hapo ndipo fungu langu la pili lilipozaliwa, miaka yote ile.

Sasa naingia nikijua natafuta nini. Safari hii ilikuwa shati jeupe la pamba, la kiume, kubwa. Kutafuta kitu kimoja katikati ya vitu elfu kunaongeza utamu wa soko, kwa sababu unakuwa na macho. Nilipita kwenye mashati nikishika tu, bila kutazama rangi. Vidole vinajua. Ukilipata la kushika, geuza ndani utazame mishono ya pembeni, tazama kwapa dhidi ya mwanga, hesabu vifungo, soma lebo kama bado ipo. Lebo ikiwa imekatwa, fundi wangu huchomoa uzi mmoja na kuuwashia kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta inayeyuka, inajikunja kuwa kidonge kigumu cheusi na harufu yake ni ya plastiki, kwa kuwa ndicho ilicho. Machi ya Dar ukivaa poliesta kwenye daladala iliyojaa utaelewa maana ya neno hilo bila kiberiti.

Shati nililipata kwa elfu nne. Nilipita mafungu yote ya jero bila kuinama, na sikujisikia nimekosa kitu.

Swali linalonisumbua: mtumba ni kununua, au si kununua? Wengi wanaohubiri nguo chache huuhesabu kama msamaha, eti nguo ilikuwa tayari imetengenezwa. Nusu ya hoja hiyo naikubali. Shati langu halikulimiwa pamba mpya wala kutiwa rangi mpya. Lakini kabati halijui hilo, linajaa vilevile. Halafu kuna upande wa kule zinakotoka. Ripoti ya Ellen MacArthur Foundation ya mwaka 2017 ilionyesha kwamba utengenezaji wa nguo duniani ulikuwa umekaribia kuongezeka mara mbili katika miaka 15, huku mara ambazo nguo moja huvaliwa zikipungua. Wauzaji wa zamani hawahitaji ripoti hiyo. Watakuambia wenyewe kwamba mabelo ya siku hizi yana nguo nyepesi zisizovumilia kufuliwa, na kwamba hasara ya vitu visivyouzika wanaibeba wao. Mabaki yenye bahati huishia gereji kufutia oili.

Na siwezi kuilaani mitumba kutoka kwenye kiti changu cha ofisi. Mwaka 2016 marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba sokoni ndani ya miaka michache ili viwanda vya hapa vipumue. Marekani ikatishia kuzinyima nchi zetu nafuu ya kibiashara ya AGOA, yaani kuuza bidhaa kwake bila ushuru, wengine wakarudi nyuma, Rwanda ikashikilia ushuru wake mkubwa, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye nafuu hiyo. Mama anayeniuzia mashati hakualikwa kwenye kikao chochote kati ya hivyo. Kwa hiyo kanuni yangu ni ya kiasi tu: mtumba nauhesabu kuwa nguo kamili kwenye daftari, lakini pesa yangu naipeleka kwa anayeuza kitu kizuri kwa bei yake, siyo kwenye rundo la jero.

Aprili

Masika. Nguo hazikauki, naishi kwa zile chache zinazokauka ndani. Hakuna la kuandika, ila kwamba shati jeupe limeshavaliwa kila namna: na sketi ya kitenge, limefungwa fundo kiunoni, limeachwa wazi juu ya gauni jeusi kama koti. Enga yake iligeuka siku ya kwanza.

Juni

Mwezi wa fundi, na pengine mwezi mzuri kuliko yote.

Fundi wangu yuko Buguruni, kibanda kidogo, cherehani mbili, redio ya mpira. Nilimpelekea mfuko wa sare. Alizitoa mojamoja, akazitazama kama daktari anayesoma vipimo vibaya.

"Dada, hizi nyingine nilishona mimi."

"Ndiyo, fundi. Sasa nataka uzishone tena."

"Kufumua ni kazi kuliko kushona mpya. Watu hawalipi."

"Nitakulipa kama gauni jipya."

Akanyamaza, akapima satini ya bluu kwa mkono. "Basi niachie. Njoo Ijumaa."

Ijumaa ya fundi kila mtu anaijua, sina la kuongeza. Lakini hoja yake ya malipo naiweka hapa kwa sababu ndiyo kiini cha jambo. Tunalalamika mafundi hawapendi marekebisho, tunawarundikia suruali za kupunguza kiuno, halafu tunatoa buku mbili tukitaka zitoke leo. Anayeshona gauni zima analipwa thelathini. Kwa nini aguse suruali yako? Bajeti yangu mpya inafanya kazi hasa hapa: nikilipa marekebisho kwa heshima, yanafanywa kwa heshima.

Satini ya bluu ilikuwa gauni refu la kubana, mkia chini. Limekuwa sketi ya magotini yenye mifuko. Ile ya kijani tulifumua shanga zote za mgongoni. Kitambaa kilikuwa kizuri muda wote, zilizoniharibia ni shanga. Sasa ni blauzi ya mikono mifupi ninayoivaa kazini. Lesi ya pinki imeshindikana. Lesi ya bei rahisi ikifumuliwa inachanika palepale sindano ilipopita. Nimempa mtoto wa jirani, ambaye ana wanasesere wengi na hakuna aliyekuwa na nguo ya harusi.

Kitenge kipya nilinunua kimoja, na hicho nilikifanyia kila kitu ninachojua. Kwanza nilikiloweka na kukianika kabla ya kukipeleka, kwa kuwa pamba hurudi ikikutana na maji, na ni afadhali irudi ikiwa kitambaa kuliko ikiwa gauni. Nikamwomba fundi aache nafasi nene ndani ya mishono ya pembeni. Mafundi wengi hukata karibu kabisa na uzi ili ndani paonekane safi, na mwili ukiongezeka kidogo tu gauni limekufa. Mwenye sentimita mbili za ziada kila upande ana gauni la miaka. Nikamwambia pia ua kubwa la kitenge likae katikati ya kifua, siyo kwapani, naye akanijibu kwamba hilo hakuhitaji kuambiwa.

Tulibishana shingo. Nilitaka ya mraba, yeye alitaka ya mviringo, akachora zote mbili kwa chaki juu ya gazeti. Mraba ulishinda. Nusu saa hiyo ya chaki ilinipa raha kuliko safari kadhaa za kurudi na mifuko ya plastiki, na gauni lenyewe lilikuwa halijakatwa bado. Vipande vilivyobaki vimekuwa kilemba na hereni.

Julai

Msimu wa harusi. Dhana yangu inapimwa hapa, maana kusema "sinunui" sokoni ni rahisi. Jaribu kuisema kwenye grupu la WhatsApp lenye mashangazi.

Ujumbe ulikuja na picha: satini ya rangi ya dhahabu, elfu sitini kwa kitambaa tu, mwisho wa kulipa tarehe kumi. Mtu wa nje atasema kataa. Lakini sare inasema uko upande gani, nani wako, umekuja kwa nani. Mkigongana ukumbini mmevaa kitambaa kimoja, hata asiyekujua anakuvuta mezani. Mimi nimekaa kwenye picha za ukoo nikiwa na sare tangu utotoni na sitaki kuwa yule mmoja wa bluu pembeni. Wanaoona sare kuwa upuuzi naona hawajawahi kuhamia mjini na kupata ndugu kupitia kitenge.

Basi nilimpigia mama mdogo, mwenyekiti wa kamati.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Umeona kitambaa? Kizuri eee?"

"Kizuri sana. Mama mdogo, mwaka jana satini, mwaka juzi satini. Hivi zile umezivaa tena?"

Kimya. Kisha akacheka. "Ile ya zambarau nimeweka kwenye mito."

Nilimpa mapendekezo mawili. La kwanza: kama ni sare ya kicheni pati, iwe khanga. Ndiyo sare ya kale kabisa ya mwambao na haijashindwa na yoyote. Unavaa siku ya shughuli, kesho yake iko jikoni, mwaka ujao imembeba mtoto, na maneno yake bado yanasomeka. Hakuna kitambaa kinachofanya kazi nyingi hivyo baada ya harusi. La pili: kwa sherehe yenyewe, tutaje rangi, kila mtu atafute kitambaa chake.

La kwanza lilipita bila ubishi, kumbe mabibi walikuwa wanasubiri mtu aseme. La pili limekataliwa, picha zitaharibika. Wamekubali kuacha satini na kwenda kitenge, na kila mtu ashone mshono anaoutaka. Nimeshona vipande viwili, blauzi na sketi, wala si gauni. Ukumbini kilionekana gauni. Jumatatu nilivaa sketi kazini na lile shati jeupe, na hakuna aliyejua kwamba siku mbili kabla ilikuwa inacheza muziki mpaka saa nane usiku. Sketi na blauzi badala ya gauni: kama kuna jambo moja la daftari hili ningelibandika ukutani kwa fundi, ni hilo.

Septemba

Shangazi amekuja kukaa nasi kwa wiki mbili. Nilipomweleza mradi, hakuelewa mradi ni upi. "Unanunua nguo chache kwa hiari?"

Yeye alikuwa msichana miaka ya mwisho ya sabini na mwanzo wa themanini, wakati vitu viliadimika madukani na doti ya kiwanda cha Urafiki, kilichoanza mwaka 1968, ilipatikana kwa foleni au kwa kujuana. Anasema walivaana: gauni moja zuri la dada mkubwa lilikwenda kwenye shughuli za mtaa mzima, likapunguzwa likatolewa kiuno, mpaka lilipogeuka mfuko wa mto. Serikali ilipoanza kulegeza uagizaji mwaka 1984, na hasa Mwinyi alipoingia Ikulu mwaka uliofuata, mitumba ikamiminika. Anakumbuka furaha ile waziwazi. Kuchagua! Kuwa na nguo mbili za kutokea, kisha tatu.

Nimeliandika hili ili nisije nikaipamba shida. Kuwa na nguo chache kwa kukosa si sawa na kuwa na chache kwa kuchagua, na shangazi hana hamu yoyote na enzi zile. Lakini nilimwomba anifundishe kutoa na kurudisha pindo kwa mkono, uzi usionekane upande wa nje. Kwa hilo hajapitwa na mtu. Pia amebeba shati langu jeupe. Ameliomba waziwazi, kwa cheo cha shangazi, na hakuna kanuni ya mradi inayoshinda cheo hicho. Narudi Karume.

Desemba

Enga. Zilizobaki zimetazama nje ni chache kuliko nilivyoogopa, na karibu zote ni sare za satini ambazo fundi hakuzigusa. Nguo nilizoingiza mwaka huu zinajaa ukurasa mmoja wa daftari, na mstari baada ya mstari safu ya nne inasoma "mimi." Pesa niliyotumia haikupungua sana, niseme hivyo kwa faida ya anayedhani huu ni mradi wa kubana matumizi. Imehama tu, sehemu kubwa iko Buguruni.

Nimefuatilia pia picha za Swahili Fashion Week, ambayo mbunifu Mustafa Hassanali aliianzisha mwaka 2008. Zamani ningetazama nikitafuta cha kununua. Safari hii nilikuwa na penseli. Kuna namna ya kukunja marinda upande mmoja wa sketi niliyoichora vibaya sana, fundi ameitazama, ameuliza kama huo ni mti, kisha akaelewa.

Yaliyobaki mezani: viatu sikuviingiza kwenye daftari kabisa, na huko chini ya kitanda kuna nchi nyingine. Januari naanza navyo. Marinda yanasubiri kitambaa. Sitanunua kipya, nafikiria ile satini ya bluu, ambayo ina urefu wa kutosha kugeuzwa mara ya pili.

Na wifi anaolewa Aprili. Rangi imeshatajwa, zambarau. Nimeandika kwenye grupu kuuliza kama anayeruhusiwa ni mwenye kitambaa kipya tu au hata mwenye zambarau yake ya zamani, na nikataja kwamba namfahamu mtu mmoja ambaye yake iko kwenye mito. Mama mdogo ameweka kikaragosi cha kucheka. Kamati bado haijajibu.